Kufuma, Kufumua, Kufumania

Mjukuu wangu Mwajuma ameniletea kaunta buku, akaniambia, "Bibi, andika ulivyofanya kazi, wasichana wa grupu wasome." Grupu ni lile la kwenye simu, la nyinyi mnaoziba masweta na kushona vitu vidogo vidogo, kila mmoja nyumbani kwake, mkirushiana picha. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza kwa sababu ya surua. Mkikuta herufi imeanguka njiani iokoteni, msinicheke.

Nimeacha kazi mwaka huu. Sikuachishwa na mtu. Macho ndiyo yaliacha kabla yangu. Kama mnangojea habari za vyeo, hakuna. Kilichopandishwa ni kigoda changu tu, kutoka kifupi hadi kirefu, magoti yalipoanza kulia.

Niwaambie jambo moja mapema msije mkasema niliwaficha. Miaka yote niliyofanya kazi hii nilikuwa na wivu na mwanamke mmoja. Anaitwa Sesilia, na yu hai, na ninajua haya atasomewa. Nilimwomba Mungu anipe kitu kimoja kabla sijafa: nimkute Sesilia na kosa. Moja tu. Kitanzi kimoja kikae vibaya katika sweta alilolipitia. Sikutaka zaidi ya hapo.

Wanaosikia kazi yangu huwa wanacheka. Sweta, Dar es Salaam? Mji huu ambao hata mjusi anatafuta feni? Anayecheka hivyo hajawahi kusomesha. Mtoto wa Kariakoo anavaa sweta la shule asubuhi kwa sababu ameamrishwa, saa mbili kalivua, kalifunga kiunoni, mapumziko kalifanya goli, wakati wa kurudi wanalivutana wawili mpaka mkono unakuwa mrefu kama pua ya tembo. Halafu kuna walinzi, kuna watu wa vyumba vya barafu vya samaki, na kuna wafanyabiashara wa Njombe na Mbeya wanaoshuka kuchukua mzigo na kutafuta sweta la mtumba la kurudi nalo kwenye baridi. Belo la masweta likifunguliwa, nusu yana matobo. Matobo hayo ndiyo yaliyomlea Zuhura wangu, na baadaye Mwajuma, mtoto wa Zuhura.

Kazi nilifundishwa na Bi Kidawa. Alikuwa na nyumba ya Kiswahili nyuma ya Msimbazi, vyumba sita na korido katikati, na baraza la mbele ndilo lilikuwa karakana yake. Nilikwenda kwake nikiwa mke wa mtu kwa miezi mitano, mimba ya Zuhura tumboni, mume wangu kuli bandarini. Nilibeba kofia ya mtoto mchanga niliyoifuma na kuiziba mwenyewe, ili anione najua.

Hakuitazama. Alinitupia sweta la kijani. "Fumba macho. Tafuta."

"Nitafute nini, mama?"

"Palikuwa na tobo, nimeliziba. Palikuwa wapi?"

Nikapapasa kifua, mgongo, viwiko. Nikapapasa mpaka kiganja kikatoa jasho. Sikupata kitu. Bi Kidawa akachukua ile kofia yangu, akafumba macho yake, akapitisha kidole gumba mara moja tu.

"Nimekufumania!"

Wanawake wote barazani wakaangua kicheko. Mimi nikainamisha uso, mke wa mtu naambiwa nimefumaniwa mbele za watu! Ndipo akanieleza. Barazani pale neno hilo lilikuwa la kazi. Kazi yetu, alisema, ni kufuma na kufumua, na fundi mbaya anafumaniwa. Ukiziba tobo umeingia nyumba ya watu kwa siri. Usiache viatu mlangoni. Mwenye sweta akilichukua lazima aulize, "Palikuwa wapi?" Akipaona mwenyewe, umefumaniwa, na hapo hata ulie hakuna wa kukuonea huruma.

"Unaingiza spoku kwa nyuma," aliniambia. "Kitanzi ingiza kwa mbele. Ukiingiza kwa nyuma kinajisokota kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Macho hayataona, lakini kidole kitakuta kiuvimbe."

Spoku nazisema zile za gurudumu la baiskeli. Sindano za kufumia za dukani hatukuwa nazo. Tulikwenda kwa mafundi wa Gerezani, tukaomba spoku zilizonyooka, tukazisugua kwenye saruji mpaka ncha ikawa butu kiasi cha kutochoma kidole na kali kiasi cha kuingia kwenye kitanzi. Mpaka leo sijaona sindano ya dukani inayozishinda. Kiwiko tulikizibia juu ya globu ya taa iliyoungua. Unaiingiza ndani ya mkono wa sweta, tobo linakaa juu ya kioo limetanuka, sindano inateleza bila kushika upande wa pili.

Mengine aliyonifundisha yaandikeni. Uzi wa kuzibia usiununue kama unaweza kuuiba ndani ya sweta lenyewe. Ligeuze nje ndani, tafuta kwenye mshono wa ubavuni, hapo pana uzi wa ziada ambao umefuliwa mara zile zile na umechakaa sawa na mwenzake. Uzi mpya kwenye sweta kuukuu unapiga kelele. Na usivute ncha yoyote kabla hujajua sweta lilianzia wapi. Lililoanzia chini linafumuka kutoka juu. Mimi wiki ya kwanza nilivuta bila kuuliza, nikafumua bega la sweta la mwalimu mzima, na Bi Kidawa akanifanya nilifume upya huku mwalimu mwenyewe amekaa mbele yangu na singlendi, anasahihisha madaftari.

Kuhusu ule ugonjwa wa kuingiza kwa nyuma, nilijitibu. Ilinichukua miaka, lakini niliacha. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi.

Zuhura alikuwa ameshaanza kutembea siku Sesilia alipokuja. Jua la mwezi wa pili lilikuwa linachemsha lami, na yeye kavaa sweta. Mikono mirefu, shingo ndefu.

"We dada, una malaria?" nikamuuliza.

"Sina. Nimelifuma mwenyewe. Nikiliweka kwenye begi wataniibia."

Alikuwa ametoka Makete, kwenye baridi kweli kweli, amemfuata mumewe aliyepata kibarua mjini. Bi Kidawa aliposikia "nimelifuma mwenyewe" akageuza kichwa. Nilikiona kile kichwa kikigeuka. Kwangu mimi hakikuwahi kugeuka namna ile, na nilikuwa nimekaa pale misimu na misimu, nimezaa pale, karibu niseme.

Akampa mtihani ule ule. Sesilia akafumba macho. Vidole vyake vilitembea juu ya sweta polepole, kama mtu anayechambua mchele, vikasimama karibu na kitovu.

"Hapa. Umeziba vizuri sana, mama, lakini uzi ulikuwa na kiu. Umeuvuta kidogo."

Nikasema moyoni, sasa huyu wa kuja anafukuzwa. Bi Kidawa akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. "Leo nimefumaniwa kwenye baraza langu mwenyewe!" Kisha akaniambia, "Mama Zuhura, sogea kidogo." Nikasogea. Kigoda cha Sesilia kikawekwa mkono wa kulia wa Bi Kidawa, pale nilipokuwa nakaa mimi. Sikurudi tena pale.

Mnaojua wivu mnajua hauna heshima. Mimi mzaliwa wa hapa, wazazi wangu wamezikwa hapa, leo mteja anafika anaangaza macho juu ya kichwa changu, "Yule dada wa Makete yupo?" Nilianza kungojea Sesilia aende chooni. Akiinuka tu, nachukua kazi yake, nafumba macho, natafuta. Sipati. Narudisha kama ilivyokuwa. Siku moja alirudi haraka, akanikuta nimeshika sweta lake kama mganga anayepiga ramli.

"Umepata?" akaniuliza.

"Nilikuwa namtoa inzi."

"Huyo inzi naye," akasema huku anakaa. "Kila siku yuko kwenye kazi yangu."

Niwape kesi moja ngumu. Mwanamume mmoja wa bandarini, karani, alileta sweta la kahawia alilofumiwa na mama yake, na mama ameshafariki. Panya walikuwa wamekula kifua, tobo sawa na kisahani cha chai. Akanipa mimi kwa sababu siku hiyo Sesilia alikuwa kanisani. Nikasema, Mungu ameniona. Nilifanya siku nne. Nilifumua pindo lote la chini kupata uzi, nikalifupisha kwa vidole viwili ili kifua kipone. Nilikataa kazi nyingine zote. Alipokuja nikamkunjulia, nikasubiri lile neno, palikuwa wapi.

Alilitazama muda mrefu. Akasema, "Umejitahidi, mama."

Wasichana, mteja akikuambia kazi mbaya, unaweza kubishana naye. Akikuambia umejitahidi, amekuzika. Wiki ya pili nikamwona anakatiza Msimbazi amelivaa, joto lile, amefunga vifungo vyote. Kumbe alikuwa amelipeleka kwa Sesilia. Akanisalimia kwa furaha kabisa, hakujua ananichoma, akajipiga kifuani na kusema, "Mama, hebu nionyeshe, palikuwa wapi?"

Nilijifanya naangalia gari.

Bi Kidawa alipofariki, watoto wake waliuza nyumba na likapanda ghorofa mahali pake. Baraza likafa. Kila mmoja akaenda kufanyia kazi kwake, mimi huku upande wa Gerezani, ambako basi la mwendokasi likipita kikombe kinatetemeka kwenye sahani, na Sesilia ng'ambo ya pili ya Msimbazi. Kabla ya kufa Bi Kidawa aligawa vyombo vyake. Mimi nikapewa spoku, Sesilia akapewa globu. Watu waliniambia ni sawa kwa sawa. Si sawa. Spoku ziko Gerezani kila kona. Globu ile ilikuwa moja.

Nyumbani nikaanza vitu vidogo. Sweta lililokufa halitupwi. Mkono wake ni soksi za mtoto, kifua ni kishikio cha sufuria, mgongo ni foronya ya mto, kinachobaki unajazia mto huo huo. Mifuko ya plastiki ilipokatazwa nikashona ya vitenge chakavu, na mishikio yake nikafanya kwa mikono ya sweta, laini, haikati vidole hata ukibeba viazi. Nilijisifu wiki nzima. Wiki ya pili nikaona sokoni mfuko wa Sesilia. Ndani ameshonea kifuko kidogo cha kuwekea nyanya zisipondeke. Nyanya! Mimi nimenunua nyanya sokoni Kariakoo tangu sijaota meno yote, sikulifikiria hilo, akaja kulifikiria mtu wa Makete. Nilirudi nyumbani bila mboga.

Sasa Mwajuma. Huyu nimemlea mimi, mama yake akiwa kwenye biashara zake. Amekulia magotini mwangu, kichwa chake chini ya kidevu changu, anatazama spoku zinavyoingia na kutoka kabla hajajua kusema maji. Nilikuwa naringa, huyu ndiye atakayekaa mahali pangu. Alipomaliza shule akaja, "Bibi, nifundishe kweli kweli." Nikamfundisha kama mtu anayefukuzwa. Alileta kazi nikaifumua. Akaleta tena, nikaifumua mbele ya jirani. Ya tatu nikamwambia ana mkono kama mguu. Kila nilipotazama kazi yake nilikuwa naona ya Sesilia pembeni, na niliapa damu yangu haitaambiwa imejitahidi. Mwajuma hakulia. Alikunja uzi wake, hakuuliza tena.

Haikupita muda spoku za Bi Kidawa zikapotea. Nikalaumu panya. Panya hali chuma, nikamlaumu jirani. Hatusalimiani vizuri mpaka leo na namwomba radhi hapa hapa.

Mwaka huu, siku moja asubuhi, Mwajuma alitoka akasema anaenda sokoni. Kitandani kwake aliacha mfuko wa kitenge, nikaujua ushonaji, ule wenye kifuko cha nyanya. Ndani mlikuwa na sweta la shule, la bluu. Kumbukeni macho yangu hayaoni tena kitanzi. Lakini sikuhitaji macho. Nilikaa, nikaligeuza, nikapitisha kidole kwa mazoea tu, bila hata tamaa. Kifua, safi. Kiwiko, safi. Kwapani kidole kikapanda kilima.

Nikarudia. Kiuvimbe. Vitanzi vitatu vimejisokota shingo.

Nilipiga kelele peke yangu chumbani, "Nimekufumania!" Nikajifunga khanga, nikashika sweta kifuani kama mtoto mchanga, nikavuka Msimbazi bila kungoja gari lolote. Magoti siku hiyo hayakulia.

Kwa Sesilia kulikuwa na wateja wawili wanawake. Yeye amekaa, globu ya Bi Kidawa imo ndani ya mkono wa sweta la mtu.

"Fumba macho," nikamwambia.

"Shikamoo kwanza, Mama Zuhura."

"Marahaba. Fumba macho."

Akafumba. Nikamwekea sweta mapajani. Vidole vyake vikatembea, vile vile vya kuchambua mchele, vikafika kwapani vikasimama.

"Hapa," akasema.

"Nimekufumania! Sesilia, leo nimekufumania!"

Mteja mmoja akashika mdomo. Jirani akachomoza kichwa kutoka koridoni. "Kamfumania na nani? Jamani, na mume wa nani?"

Sesilia akafungua macho. "Shoga, hili si langu."

"Limetoka kwako! Kwenye mfuko wako!"

"Limetoka kwangu. Halikutoka mkononi mwangu." Akatazama pazia la chumba cha ndani. "Mwajuma, njoo umsalimie bibi yako."

Pazia likafunguka. Mjukuu wangu akatoka, na mkononi ameshika spoku zangu.

"Shikamoo, bibi."

Sikuitika. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kuamkiwa na mtoto nikakaa kimya.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu baada ya Idi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefumua, bibi."

Hakusema ningekasirika. Alisema ningefumua. Nilisimama pale nikahesabu kila alichonichukulia Sesilia, kigoda cha kulia, karani wa bandarini, globu, nyanya, na sasa damu yangu mwenyewe ananifichia nyuma ya pazia. Nilitaka kusema neno baya sana, nilikuwa nalo tayari mdomoni. Sesilia akaniwahi.

"Mkono wake mzuri," akasema. "Lakini ana kitu kimoja kinanishinda. Nimemwambia mara mia aingize kwa mbele. Mbele anaingiza nikimtazama. Nikigeuka tu, vidole vinaenda nyuma vyenyewe. Namuuliza nani kakufundisha hivi? Anasema hakufundishwa na mtu." Akanigeuzia sweta. "Mama Zuhura, mji huu mzima namjua mtu mmoja tu anayepindua kitanzi upande huo."

"Niliacha zamani," nikasema.

"Uliacha?"

"Niliacha."

"Kila sweta lako lililopita mikononi mwangu nililijua. Hata la yule karani. Nilipolifumua nilikuta umefanya kazi kubwa, na nusu ya vitanzi vimelala kichwa chini."

"Mbona hukunifumania? Miaka yote hiyo?"

Akainua mabega. "Ulikuwa unatoa inzi."

Nilikaa chini. Mteja mmoja alinipa nafasi kwenye mkeka. Nikaomba sweta, nikaweka kidole kwapani, juu ya vile vitanzi vitatu. Mwajuma akiwa magotini mwangu hakuna aliyemfundisha, nilidhani analala. Kumbe alikuwa anachukua. Nimemwambia ana mkono kama mguu, na mkono wenyewe ulikuwa wangu.

"Mfundishe yote," nikamwambia Sesilia. "Mpe na hiyo akili ya nyanya. Kitanzi hicho usikiguse."

"Wateja watakikuta."

"Wakikute."

"Kwa hiyo mimi, uzee huu, nifumaniwe kwa kosa lako?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Zamu yako."

Nyinyi wa grupu ingizeni kwa mbele, kama alivyofundisha Bi Kidawa. Msiseme Bibi kawapotosha. Mwajuma anaenda kwa Sesilia siku tatu kwa wiki, sasa bila kujificha, anarudi ananuka chai ya tangawizi ya kule, na wivu wangu uko pale pale. Sesilia ameapa kwamba kabla ya mfungo kuingia atakuwa amekinyoosha kile kitanzi. Mimi Mwajuma akirudi namwambia, leta kazi. Nafumba macho, napitisha kidole, natafuta taratibu, na moyo unanipiga mpaka nikikute. Nikikikuta namwambia, nimekufumania. Anacheka.

Jana kilikuwepo. Namwomba Mungu Sesilia ashindwe.